Kiota kimeanguka: namna ya kusaidia watoto wa ndege bila kuwaua

Kila mwaka, mvua inapoanza kurudi Likasi, kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja, upepo unatangulia. Matawi ya miembe na ya avoka yanavunjika, mabati yanalia, na viota vya ndege vinaanguka chini. Asubuhi yake watoto wenye wanaenda masomo wanakuta vitoto vya ndege kwenye matope, vingine bado uchi, vingine na manyoya kidogo. Wengi wanavibeba nyumbani kwa huruma. Wanavipatia maziwa, mukate ao bukari, wanaviweka ndani ya karton. Kisha siku moja ao mbili, vinakufa.

Mara nyingi siyo kuanguka njo kumeviua. Ni musaada wenye haukufaa. Mutoto wa ndege hahitaji mutu wa kumulea; anahitaji kurudishwa fasi yenye mama na baba yake wanaweza kumufikia. Na kazi ile haiombi franga wala masomo makubwa. Inaomba kujua mambo machache na kuyafanya haraka.

Kwa nini viota vinaanguka wakati wa mvua

Katika Haut-Katanga kiangazi kinaanza karibu na mwezi wa tano na kinaendelea mpaka mwezi wa tisa ao wa kumi. Wakati ule udongo umekauka, na wadudu ni wachache. Mvua za kwanza zinabadilisha yote: inswa wanatoka kwenye vichuguu, panzi na viwavi wanaongezeka, majani yanaota. Ndege wengi wanapanga kuzaa wakati ule, juu njo wakati wenye chakula cha watoto wao kinapatikana. Hata ndege wenye wanakula mbegu, kama vile shomoro, wanalisha watoto wao wadudu katika siku za kwanza, juu mutoto hawezi kukomaa kwa mbegu tupu.

Lakini mvua zile zenye kuleta chakula njo zenye kuleta upepo mukali. Kwa hiyo wakati viota vingi viko na watoto ndani, njo wakati vinaanguka.

Upepo hauko peke yake. Miti inakatwa kwa ajili ya makala, kwa kujenga, ao kwa kupisha nguzo za umeme. Mutu anapanda kwenye paa kubadilisha bati, anakuta kiota, anakitupa. Watoto wanapiga kiota kwa jiwe. Kwa vyote hivi, namna ya kusaidia ni moja.

Kwanza angalia: kiko uchi, ao kiko na manyoya?

Hili njo jambo la kwanza la kutazama, juu linaamua yote yenye yatafuata.

Kitoto chenye kiko uchi, ao chenye kiko na manyoya machache kama sindano, macho imefungwa ao ndiyo inaanza kufunguka, hakiwezi kusimama: hiki kingali wa kiota. Hakiwezi kujipatia joto chenyewe. Kikibaki chini, baridi, siafu ao paka watakimaliza. Kinapaswa kurudishwa haraka.

Kitoto chenye kimefunikwa na manyoya, mukia ungali mufupi, kinaruka-ruka chini na kushika kijiti kwa miguu: hiki hakikuanguka kwa bahati mubaya. Kimetoka katika kiota chenyewe. Ndege wadogo wengi wanakaa kwenye kiota karibu juma mbili ao tatu tu, kisha wanatoka mbele ya kujua kuruka vizuri. Siku zenye zinafuata wanakaa chini ao kwenye matawi ya chini, na wazazi wanaendelea kuwaletea chakula. Mutu mwenye kukibeba kitoto kama hicho anafikiri anaokoa yatima, kumbe anaiba mutoto wa watu wakiwa sokoni.

Kwa kitoto cha namna hii, kazi ni ndogo: kama kiko katikati ya barabara ao mbele ya imbwa, kibebe, kiweke kwenye kichaka ao tawi lenye kivuli, mita chache tu kutoka pale kilikuwa. Funga imbwa na paka kwa muda. Ambia watoto wasikikimbize. Kisha ondoka. Mutu akiendelea kusimama pale, wazazi hawatashuka.

Maneno juu ya harufu ya mikono

Watu wengi wanaamini kama mutu akigusa mutoto wa ndege, mama atasikia harufu ya mutu na atamukataa. Haiko kweli. Ndege wanajua watoto wao zaidi kwa sauti, kwa macho, na kwa fasi yenye waliwaacha. Mama mwenye amelalia mayai juma mbili na kuleta wadudu mara nyingi kwa siku hatupi watoto wake bule juu ya harufu ya mukono.

Jambo lenye linaweza kumufukuza ni fujo: watu kurudi kila wakati kuangalia, watoto kupanda muti, muziki wa nguvu chini ya tawi. Kwa hiyo inafaa kugusa kwa upole, mara moja, na kuondoka.

Kurudisha kiota, hatua kwa hatua

1. Pasha kitoto joto kwanza. Kishike katikati ya mikono miwili mpaka kitikisike. Kitoto chenye baridi hakifungui kinywa, na mama akileta chakula atamulisha yule mwenye kufungua. Kama kimelowa, kikaushe kwa kitambaa bila kusugua.

2. Tafuta wengine. Mara nyingi viko viwili, vitatu ao vine. Angalia chini ya majani na kwenye mufereji. Mayai yenye hayakupasuka yanaweza kurudishwa pia. Yenye yamepasuka yaache.

3. Kama kiota kingali kwenye muti, rudisha vitoto ndani. Kama kiota chenyewe kimeanguka lakini kiko kizima, kirudishe kwenye tawi ao kwenye njia-panda ya matawi, na kukifunga kwa kamba.

4. Kama kiota kimevunjika, tengeneza kingine. Kikapu kidogo, kopo la majarini ao chini ya bidoni yenye imekatwa vinafaa. Toboa matundu chini ili maji ya mvua yatoke. Bila matundu, mvua moja inazamisha watoto wote. Weka ndani nyasi kavu na yale yenye yamebaki ya kiota cha zamani. Usiweke nyasi mbichi, juu zinaleta baridi, wala pamba, juu nyuzi zake zinafunga miguu. Kisiwe kirefu sana: mama anapaswa kuona watoto akiwa juu ya tawi, lakini wao wasitoke kwa urahisi.

5. Funga kwa nguvu kwenye muti ule ule, karibu na fasi ya zamani kadiri inawezekana, kwenye kivuli, juu kupita fasi yenye imbwa na watoto wanaweza kufika. Kama muti umeanguka wote, chukua muti wa karibu kabisa.

6. Rudi mbali, hata ndani ya nyumba, na uangalie kwa saa moja ao mbili. Kama unaona ndege mukubwa anakuja na wadudu mudomoni, ao anaita akizunguka tawi, kazi imekwisha.

Kama kiota kimeanguka magaribi na giza linakuja, vitoto vinaweza kulala ndani ya nyumba, katika karton yenye kitambaa, fasi ya joto. Ndege wa muchana hawalishe watoto usiku, kwa hiyo havitakufa na njaa mpaka asubuhi. Jambo la lazima ni kuvirudisha mapema sana, wakati jua linatoka, juu wazazi wataanza kuvitafuta saa ile.

Kila ndege na kiota chake

Ndege wa manjano wenye kufuma viota, wenye wanajaza muti moja na makelele, wanatundika viota vyao kwenye ncha za matawi, na mulango unaangalia chini. Tawi likivunjika, mutu anaweza kuokota kiota kizima na kukifunga tena kwa waya kwenye tawi lingine la muti ule ule. Lazima mulango ubaki upande ulivyokuwa. Ukigeuka juu, mvua inaingia. Kama viota vingi vimeanguka pamoja, usichanganye watoto ndani ya kiota kimoja.

Njiwa anajenga kiota cha vijiti vichache, na mutu anaweza kuona mayai akiwa chini. Kwa kawaida kuko mayai mawili. Kiota kama hicho kikianguka hakirudishike. Kopo ao kikapu kinapaswa kukiwekwa chini ya watoto. Mutoto wa njiwa hafungui kinywa kama wengine. Anaingiza mudomo ndani ya mudomo wa muzazi na kunywa kitu kizito kama maziwa chenye kinatoka kwenye mufuko wa chakula wa shingo, na baba na mama wote wawili wanakitengeneza. Njo maana ni nguvu sana kumulea mukononi.

Mbayuwayu wanajenga kwa matope chini ya paa na chini ya madaraja. Kiota cha matope kikivunjika hakishonwi. Inafaa kupigilia ukutani nusu ya kibuyu ao kopo lenye nyasi kavu, pale pale kiota kilikuwa. Wazazi wanakumbuka ukuta, na wanarudi.

Bundi ni neno lingine. Katika kartie nyingi, watu wanasema bundi ni ndege wa walozi, na watoto wake wakikutwa ndani ya dari wanauawa papo hapo. Watoto hao wako na manyoya meupe kama pamba, na wanapuliza kama nyoka juu wanaogopa. Bundi mwenye kukaa kwenye paa hakufuata mutu, alifuata panya. Jozi moja ya bundi wenye watoto inakamata panya kila usiku, wale wale wenye kula mahindi kwenye gunia. Kwa kuwarudisha, tumia kitambaa kizito juu makucha yao ni makali, na uwarudishe magaribi, juu wazazi wanalisha usiku. Kwa Kenya, karibu na ziwa Naivasha, kuko senta yenye inatunza bundi na ndege wengine wa kuwinda wenye wameumia, ili warudi kuruka.

Mambo yenye kuua

Maziwa. Ndege hanyonye. Tumbo lake haliwezi kusaga maziwa ya ngombe wala ya unga. Anahara na kukauka maji.

Maji kinywani. Kwa ndege, tundu la pumzi liko wazi nyuma tu ya ulimi. Tone moja lenye kusukumwa kwa sirenge ao kwa kijiko linaweza kuingia kwenye mapafu. Mutoto wa ndege anapata maji ndani ya chakula chake.

Mukate na bukari. Vinajaza tumbo lakini havijengi mwili. Mutoto anaonekana ameshiba, kisha mifupa inapinda.

Mbabula. Watu wanaweka karton karibu na mbabula kwa kutafuta joto. Moshi na hewa ya makala ni sumu kwa mapafu ya ndege, mbele hata ya mutu kusikia kichwa kuuma. Inafaa zaidi chupa ya maji ya vuguvugu, imefungwa katika kitambaa, iwekwe upande moja wa karton ili kitoto kisogee kikisikia joto kali.

Kamba kwenye muguu. Watoto wanafunga ndege kamba na kumuchezesha. Muguu unavimba, damu haipite, muguu unakatika. Hata ndege yule akiachiliwa, hataishi.

Kama wazazi hawarudi

Kama kisha saa mbili za kuangalia kwa mbali hakuna muzazi mwenye amefika, ao kama muzazi amekutwa amekufa, kulea kwa mukono kunabaki. Inafaa kusema wazi: ni kazi ngumu, na wengi hawaishi. Kitoto chenye kiko uchi kinaomba kula karibu kila nusu saa, tangu jua kutoka mpaka jua kuingia.

Chakula cha kufaa kwa ndege wadogo ni wadudu: inswa wenye mabawa yametolewa, panzi wadogo wenye miguu imetolewa, viwavi laini bila manyoya, ao kiini cha yai lenye limechemshwa, kimesagwa. Wadudu wenye wamepuliziwa dawa ya shamba wasitumiwe. Vipande viwe vidogo kama kichwa cha kiberiti. Mutu anagusa mudomo wa kitoto kidogo kwa kijiti chenye ncha ya butu. Kikifungua kinywa, anaweka chakula nyuma. Kikikataa, kiko na baridi ao kimeshiba. Hakuna kulazimisha.

Kikipata manyoya na kuanza kupiga mabawa, kiwekwe inje muchana, pa kivuli, na mutu akae chonjo na paka. Kizoee kuokota wadudu chenyewe. Lengo ni kwamba kiende, haiko kikae. Ndege mwenye amezoea mikono ya watu hajui kuogopa jiwe.

Katika eneo letu watu wanajua senta ya J.A.C.K. ya Lubumbashi, yenye ilianza 2006. Ile iko kwa ajili ya sokwe na nyani wenye wamenyanganywa wafanya-biashara. Haiko fasi ya kupeleka kitoto cha shomoro. Kwa ndege mwenye ameumia, mutu wa kuuliza ni veterinere ao serivisi ya ufugaji ya muji ao ya teritware.

Vidonda na magonjwa

Bawa lenye linaning'inia, damu, ao alama ya meno ya paka vinaomba veterinere siku ile ile. Hata kama kidonda ni kidogo, mate ya paka yako na mikrobe yenye inaua ndege kwa siku mbili ao tatu. Dawa za watu zisigawanywe kwa kukisia.

Mutu naye ajilinde. Anawe mikono na sabuni mbele na kisha kugusa ndege. Asikiweke karibu na kuku wa nyumba. Na kama kuko ndege wengi wamekufa fasi moja bila sababu, hakuna kugusa, hakuna kula. Ni kujulisha serivisi ya ufugaji. Katika 2017, homa ya ndege ya aina ya H5N8 ilionekana Ituri, upande wa ziwa Albert, na iliua kuku na mabata. Watu wa majimbo ya mashariki wanajua hasara ile.

Mbele ya kukata muti

Kusaidia kitoto kimoja ni vizuri. Kuzuia kiota kisianguke ni vizuri zaidi. Mutu mwenye anataka kukata muti ao kubadilisha bati wakati wa mvua aangalie kwanza kama ndege wanaingia na kutoka na chakula mudomoni. Kama wako, kungoja juma tatu ao ine kunatosha kwa ndege wadogo wengi kumaliza kulea. Kama tawi linaweza kuumiza watu, likatwe polepole, lishushwe kwa kamba, na kiota kihamishwe vile tumesema hapa juu.

Kuko pia sheria. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inapanga mambo ya uwindaji, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inasema juu ya ulinzi wa viumbe vya porini. Lakini kwa manati ya watoto, muzazi na mwalimu wanafanya kazi mbele ya polisi.

Eneo la Likasi liko na sababu yake ya kujali. Karibu na Kapolowe, ziwa Tshangalele, lenye lilitokea kisha kujengwa kwa bwawa la Mwadingusha juu ya mutoni Lufira, liko na ndege wa kufuma kiota mwenye anajulikana kutoka kule tu. Mufano wake wa kwanza ulichukuliwa mwaka wa 1960, na wataalamu walimupa jina katika 1982: *Ploceus ruweti*. Mwaka ule ule wa 1982, UNESCO iliingiza Lufira katika orodha ya hifadhi zake za biosfera. Mutoto wa ndege yule akianguka na kufa, dunia haina kwingine kwa kumutafuta.

Kwa wengine wote, shomoro wa Kikula, njiwa wa Panda, mbayuwayu wa Shituru, mambo ya kukumbuka ni mafupi: kiko uchi, kirudishe kwenye kiota. Kiko na manyoya, kiache ao kiweke kwenye tawi. Kiota kimevunjika, funga kikapu chenye matundu kwenye muti ule ule. Hakuna maziwa, hakuna maji kinywani, hakuna kamba. Kisha rudi nyuma, umuachie mama nafasi ya kufanya kazi yake.